Kazi Ipi ya Dukani Niikabidhi Akili Mnemba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mama yangu tuna biashara ya viungo hapa Ngamiani, Tanga. Tunanunua iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu kwa wakulima wa Amani na vijiji vingine vya Muheza, tunachambua, tunafungasha, kisha tunauza dukani na kwa wateja wa mikoani wanaoagiza kwa WhatsApp na kutumiwa mzigo kwa basi. Tuna wasaidizi watatu. Kijana mmoja ametuletea mfumo anaosema ni wa akili mnemba: utajibu wateja, utaandika manunuzi, utakumbusha wadeni na utatuambia msimu ujao tununue kiasi gani, kwa shilingi 350,000 kila mwezi. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam ananihimiza tusiachwe nyuma, na mama hataki hata kusikia. Niamue vipi, na kama ni kuanza, nianze na kazi ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishtua zaidi si ile bei ya 350,000, bali ni namna kazi nne zisizofanana zilivyofungwa pamoja zikauzwa kwa bei moja. Ukipita soko la Mgandini utaona fungu la nyanya lililopangwa vizuri, zilizoiva juu na zilizopondeka chini, na muuzaji hapendi ulibomoe kabla hujalipa. Sisi hapa tutalibomoa. Kujibu wateja, kuandika manunuzi, kukumbusha wadeni na kukisia mahitaji ya msimu ujao ni kazi zenye hatari tofauti na faida tofauti, na inawezekana kabisa moja ikafaa kuanzia wiki hii huku nyingine isifae hata ukipewa bure.

Watu wengi wakifikia uamuzi kama huu hujiuliza kwanza iwapo mashine inaiweza kazi. Kwa kazi za maandishi, siku hizi jibu huwa ni ndiyo, angalau kwa kiasi fulani, kwa hiyo swali hilo halikuchagulii chochote. Mimi huuliza hivi: mashine ikikosea, nani ataliona kosa, ataliona baada ya muda gani, na litakuwa limeshamgharimu nani? Kazi ambayo kosa lake unaligundua papo hapo kwa kutupa jicho, kabla halijatoka mlangoni, ndiyo ya kuanza nayo. Kazi ambayo ili ujue kama imefanywa sawasawa inakubidi uifanye upya wewe mwenyewe, mashine haijakupunguzia kitu, imekuongezea mfanyakazi wa kumsimamia. Na kazi ambayo kosa lake utalijua baada ya miezi sita, au utaambiwa na mteja aliyekwisha kuhamia duka jingine, iache mikononi mwa watu.

Ninalishikilia sana jambo la kosa kwa sababu ya namna zana hizi zinavyofanya kazi. Zile zinazotunga maneno, za aina ya ChatGPT iliyotolewa kwa umma Novemba 2022, zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, yaliyo mengi yakiwa ya Kiingereza, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata baada ya yale yaliyotangulia. Ndiyo maana sentensi zake hutiririka. Msaidizi wako asiyejua bei ya leo atasita, atageuka na kuuliza, "Mama, iliki imefika ngapi?" Mashine ambayo haijapewa bei inaweza kuandika bei yoyote inayoelekea kuwa bei, kwa uhakika uleule inaokuwa nao ikiwa sahihi. Kosa la binadamu mara nyingi huja na dalili zake, mwandiko umeyumba au sentensi imekatika. Kosa la mashine huja limevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Kabla ya kuitazama kazi moja moja, tupige hesabu ambayo wauzaji wa mifumo hawapendi kuipiga mbele ya mteja. Hukuniandikia mnapokea ujumbe mwingi kiasi gani, kwa hiyo nachukua mfano tu. Tuseme kwa siku mnapokea ujumbe 60, na 40 kati yake ni maswali ya kawaida yanayochukua dakika moja moja kuyajibu. Hizo ni dakika 40. Tuseme mashine inaandaa jibu na msaidizi analipitia kwa sekunde 15; hizo ni dakika 10, kwa hiyo mmeokoa dakika 30 kwa siku, yaani saa 13 katika mwezi wa siku 26 za kazi. Kama msaidizi analipwa shilingi 200,000 kwa siku hizo 26 za saa nane nane, saa yake moja ina thamani ya shilingi 960 hivi, na saa 13 ni kama shilingi 12,500. Weka tarakimu zako halisi mahali pa zangu, lakini sidhani kama utaikaribia 350,000. Sifa nyingi za mashine hizi hutoka katika nchi ambako malipo ya saa moja ya mhudumu yanazidi malipo ya siku nzima ya msaidizi wa duka hapa kwetu, na huko hesabu hukubali upesi. Hapa Tanga haikubali upesi hivyo, na mdogo wako asikutie wasiwasi kwamba huko ndiko kuachwa nyuma.

Ni kweli kwamba muda si faida pekee. Oda iliyoingia saa tatu usiku ikajibiwa kesho yake saa nne, mteja akiwa ameshanunua kwingine, ni hasara. Mzigo wa Dodoma uliopakiwa kwenye basi la Moshi ni hasara kubwa zaidi. Zihesabu hizo nazo, lakini zihesabu kando, kwa kuandika kila inapotokea kwa muda wa mwezi mmoja, kwa sababu mtu anayekuuzia dawa ana kawaida ya kukufanya uuone ugonjwa kila mahali.

Sasa tulibomoe fungu. Kazi ninayoiona bora kuliko zote ni ile ambayo nadhani kijana ameitaja kwa haraka: kuandika manunuzi. Naamini mnafanya kama wanunuzi wengine wa mazao. Mnapima gunia kwenye mizani, mnaandika katika kitabu cha stakabadhi jina la mkulima, zao, kilo, bei na jumla, mkulima anapewa nakala yake, na nakala zenu zinarundikana zikisubiri mtu mwenye nguvu za kuziingiza kwenye daftari kubwa siku ya Jumapili. Kazi hii inachosha, inajirudia, haihitaji hekima, na hurundikana zaidi wakati wa mavuno ambapo hakuna mwenye nafasi. Leo simu ya kawaida inapiga picha ya stakabadhi, na programu inasoma mwandiko na kuupanga katika safu za jedwali. Itakosea, maana mwandiko wa mtu aliyesimama kwenye matope na kalamu inayokatakata wino humshinda wakati mwingine hata mwenyewe aliyeandika.

Lakini stakabadhi ina uzuri mmoja ambao kazi nyingine hazina, nao ni kwamba inajikagua yenyewe. Chukua mfano wa kilo 37.5 kwa shilingi 9,000. Jumla iliyoandikwa kwa mkono ni 337,500. Mashine ikiisoma 7 kama 1, itakuletea kilo 31.5, na kilo 31.5 mara 9,000 ni 283,500, ambayo haikubaliani na jumla iliyoko kwenye karatasi. Jedwali la Excel au la Google linaweza kuamriwa lipige hesabu hiyo na kupaka rangi nyekundu kila mstari usiokubaliana. Msaidizi wako hapitii stakabadhi 200. Anapitia zile chache nyekundu, karatasi ikiwa mkononi. Angalia kwamba kazi ya kuzidisha nimeliachia jedwali na si mashine ya maneno. Jedwali linahesabu kwa kanuni na haliwezi kusahau, ilhali mashine ya kukisia maneno ina uwezekano wa kukisia hata tarakimu. Kuzigawa kazi namna hii, hii isome na ile ihesabu, kuna thamani kuliko kuitafuta programu moja inayodai kufanya yote.

Kuna faida ya ziada ambayo huenda ikakusumbua kidogo. Mstari mwekundu si lazima uwe kosa la mashine. Baadhi yake yatakuwa makosa ya siku ileile ya kununua, ambapo mtu alizidisha vibaya akamlipa mkulima pungufu au zaidi. Mtakapoyakuta, na mtayakuta, amueni mapema mtafanya nini, kwa sababu mkulima wa Amani anayerudishiwa shilingi 8,000 ambayo mwenyewe hakujua imepungua hatauza iliki yake kwa mtu mwingine msimu ujao.

Kilichobaki kwenye stakabadhi ambacho hakijikagui ni jina. Shekuwe na Shekue, Mhina na Muhina. Mashine itachagua moja na haitakuambia kwamba ilisita. Dawa yake ni ya zamani na haihitaji umeme: kila mkulima apewe namba, iandikwe kwenye stakabadhi kando ya jina, na jedwali litambue kwa namba. Namba hizi zitakufaa tena nitakapofika kwenye sheria.

Kujibu wateja ndiko wengi hukimbilia, na ndiko ninakokutaka uende taratibu. Fungua simu ya biashara, chukua ujumbe 100 wa mwisho, ugawe katika mafungu kwa kupiga mistari kwenye karatasi. Nina hakika utapata mafungu matatu. La kwanza ni la maswali yasiyobadilika: bado ipo, bei gani, mnatuma Mbeya, duka liko barabara ya ngapi. Fungu hili halihitaji akili ya aina yoyote, iwe mnemba au ya mwanadamu. WhatsApp ya biashara ina orodha ya bidhaa yenye picha na bei, ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja ukayatuma kwa kubonyeza, na ina ujumbe wa kujituma wenyewe mkiwa mmefunga, na haya yote hayalipiwi. Ningeomba jambo hili mlimalize kabla hamjazungumza na muuzaji yeyote, kwa sababu nimeona watu wakilipia akili mahali ambapo palihitaji mpangilio tu.

Fungu la pili ni la oda zenyewe, na hapa mashine ina kazi ya kweli, mradi uijue tabia yake. Mteja wetu haagizi kama fomu inavyotaka. Anatuma ujumbe wa sauti akiwa njiani, watoto wanalia nyuma yake, anasema: "Nipe ile manga ya mbili na nusu, vipakiti kumi, halafu na iliki ya buku tano, uwahi basi la saa nne." Mbili na nusu ni shilingi 2,500, jambo ambalo kila mtoto wa Makorora anajua na mashine inaweza kulisoma kama kilo mbili na nusu. Buku tano ni 5,000. Saa nne asubuhi ni ile ambayo tiketi za kimataifa huandika 10:00, kwa kuwa sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza. Mashine iliyozoea Kiingereza ina mwelekeo wa kuandika 4:00, na anayesoma hapo ataenda stendi ya Kange wakati ambapo hata makuli hawajaamka, au atakwenda jioni basi likiwa limeshafika Chalinze. Kwa hiyo usiiruhusu mashine itafsiri saa wala pesa. Ielekeze iyaandike maneno ya mteja kama alivyoyasema, iyapange tu: bidhaa, kiasi, bei, mji, basi, namba ya simu, halafu msaidizi ajaze tarakimu na kumrudishia mteja muhtasari huo athibitishe kwa neno "sawa" kabla ya kulipia kwenye Lipa Namba yenu. Hapo umempata mkaguzi wa pili bila kumlipa, na ndiye anayeijua oda kuliko wote.

Fungu la tatu ni la malalamiko, mapatano ya bei na watu mnaojuana. Hili lisiguswe. Mashirika makubwa yamejaribu na yameungua. Shirika la ndege la Air Canada liliweka roboti ya kujibu maswali kwenye tovuti yake. Abiria aliyefiwa na bibi yake akaiuliza kuhusu nauli ya punguzo kwa wafiwa, ikamwambia anaweza kulidai punguzo baada ya kusafiri, jambo ambalo halikuwa utaratibu wa shirika. Alipodai akakataliwa. Mbele ya baraza la madai la jimbo la British Columbia shirika likajitetea kwamba roboti ile ni kitu kinachojitegemea na kinabeba dhamana ya maneno yake chenyewe. Februari 2024 baraza lilitupilia mbali hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe. Nawe roboti yako ikimwahidi mtu wa Singida kwamba akichukua kilo tano atapunguziwa, ahadi ni yako. Tofauti ni kwamba mteja wako hatakwenda barazani. Atakwenda kijiwe cha kahawa, ambako hukumu hutolewa jioni ileile na haina rufaa.

Tena mapatano ya bei ni sehemu ya biashara yenyewe. Mtu anayeanza kwa "mama hajambo?", akauliza habari za mvua, kisha akaomba apunguziwe, anapima kama mnamkumbuka. Jibu la sekunde mbili lililonyooka kama barua ya benki litamwambia kwamba hammkumbuki.

Kuhusu wadeni nitakusimulia niliyoyashuhudia. Miaka michache iliyopita nilisaidia kupanga hesabu za biashara moja ya jumla, ambayo sitaitaja wala mji wake, na mwenyewe aliweka programu ya kutuma ukumbusho wa deni siku ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na moja. Programu ilifanya kazi yake bila kukosea hata tarakimu. Siku ya ishirini na moja ya mteja mmoja, dukani kwake palikuwa pamefungwa kwa msiba wa mkewe, na ujumbe ukamfikia akiwa amekaa mkekani na waombolezaji. Ujumbe ulikuwa wa adabu. Tatizo ni kwamba haukujua. Yule mtu alilipa deni lote siku ya arubaini, na hakununua tena pale. Nimeitaja habari hii kwa sababu ndiyo aina ya kosa ambayo vipimo vya mashine havioni, kwa kuwa kwenye kumbukumbu zake mteja amekumbushwa, deni limelipwa, na kazi imefanikiwa.

Kwa hiyo kata kazi hii katikati. Kujua nani anadaiwa, kiasi gani na tangu lini ni hesabu, na jedwali lilelile la manunuzi likiongezewa ukurasa wa mauzo ya mkopo litakupangia orodha kila asubuhi bila akili mnemba yoyote. Kuamua leo umwandikie nani, umpigie nani, na nani umwache kwanza kwa sababu umesikia mtoto wake amelazwa, hiyo ni kazi yako na ya mama yako, nayo huchukua dakika kumi.

Utabiri wa msimu ujao hautanichukua muda. Mashine ya kutabiri hujifunza kutoka kwenye kumbukumbu zilizopita, na kumbukumbu zenu ziko kwenye vishina vya stakabadhi ndani ya boksi. Hata zingekuwa safi, mkarafuu una tabia ya kuzaa kwa wingi mwaka mmoja na kuzaa haba mwaka mwingine, mvua hubadilisha mambo, na bei huamuliwa mbali na hapa. Kosa la utabiri utalijua ghala likiwa limejaa au likiwa tupu. Andikeni manunuzi na mauzo vizuri kwa misimu mitatu, kisha uniulize tena. Kwa sasa kichwa cha mama yako kinatabiri vizuri kuliko kitu chochote anachoweza kukuuzia kijana yule.

Mdogo wako huenda akakuonyesha video za mashine zenye kamera zinazochambua punje kwa rangi. Zipo, na viwanda vinavyochambua tani kwa tani vinazitumia. Kwa magunia yenu, fedha hiyo ni afadhali ikanunue kipima unyevu. Pilipili manga inayohifadhiwa ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 12 au 13 hushika ukungu, na baadhi ya kuvu huleta sumukuvu ambayo jicho halioni na kamera ya kuchambua rangi haina uhakika wa kuiona. Kifaa hicho hakina akili yoyote, na kitakuokolea gunia zima.

Kuna kazi moja ambayo kijana hakuitaja na ambayo ningeiweka ya pili baada ya stakabadhi: maandishi ya vifungashio na matangazo. Rasimu ya maneno ya pakiti ya mdalasini kwa Kiswahili na Kiingereza, maelezo mafupi ya namna ya kuhifadhi iliki, tangazo la Idi, haya mashine huyaandaa kwa dakika, na wewe unayasoma yote kabla hayajachapwa, kwa hiyo kosa halitoki mlangoni. Kiswahili chake kitakuwa na harufu ya tafsiri, kinyooshe. Kuwa macho na jambo moja tu: inapenda kuandika kwamba mdalasini hutibu kisukari na karafuu huondoa hiki na kile. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na dai la tiba kwenye pakiti ya kiungo ni jambo utakaloulizwa wewe, si programu.

Sasa sheria, ambayo kwa bahati mbaya hakuna muuzaji aliyewahi kuanza nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume maalumu ya kuisimamia, ambako wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu hutakiwa kujisajili. Majina ya wateja, namba zao za simu, madeni yao na ya wakulima wenu ni taarifa binafsi, na zana nyingi za akili mnemba huzipeleka kwenye kompyuta zilizoko nje ya nchi, jambo ambalo sheria imeliwekea masharti. Hapa ndipo namba za wakulima zinapofaa tena: ukilifunika jina kwa kidole au karatasi wakati wa kupiga picha, mashine inasoma namba, zao, kilo na bei, na haijui ni ya nani. Ujumbe wa wateja ni vigumu zaidi kuufunika hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuweka nyuma katika foleni.

Mama yako hataki kusikia, nami sioni kama ni ukaidi. Muulize anaogopa nini hasa, na usishangae akikutajia mambo ya fungu la tatu kwa maneno yake mwenyewe. Kwenye stakabadhi naamini atakubali, hasa akiambiwa kwamba kitabu cha karatasi hakiondoki. Na kisiondoke kweli, kwa kuwa umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya kupima magunia, ununuzi hauwezi kusimama ukisubiri mtandao.

Yule kijana usimfukuze. Huenda ni mchapakazi. Mwambie unahitaji kazi moja tu kati ya nne, umwombe bei ya hiyo moja, na aifanye kwa mwezi mmoja kwa majaribio. Kisha umwulize: siku nikiacha kulipa, kumbukumbu zangu nitazipata katika jedwali ninaloweza kulifungua bila mfumo wako, au zitabaki kwako? Mji wetu umepewa msemo wa waja leo waondoka leo, na programu nyingi ninazozijua zina tabia hiyohiyo, ila zenyewe huondoka na daftari lako. Akijibu kwa kuzungukazunguka, jedwali na programu ya simu ya kusoma picha vinatosha kwa kuanzia, na mmoja wa wasaidizi wako ataviweza baada ya siku chache.

Kuhusu wakati, msianze katika wiki za kuelekea Ramadhani wala Idi, ambapo kila nyumba inanunua viungo vya futari na pilau na hamna nafasi ya kukosea. Chagueni jioni iliyotulia, mchukue stakabadhi 50 za zamani ambazo zimekwisha kuandikwa kwenye daftari, mzipige picha, na mlinganishe alichoandika mtu na ilichosoma mashine, mama yako akiwa karibu kwa ajili ya mwandiko ambao hata mimi ungenishinda. Mkikuta mistari myekundu ni michache kiasi kwamba kuirekebisha kunachukua muda mfupi kuliko kuandika zote upya, endeleeni na za mwezi huu. Mkikuta ni mingi, msiilaumu mashine wala msinunue nyingine. Chapisheni kwanza kitabu kipya cha stakabadhi chenye visanduku, tarakimu moja kwa kila kisanduku, na mjaribu tena kwa stakabadhi 50 za hicho.